Mjomba, nilimtumia rafiki filamu ya kumwinua moyo, sasa hashiki simu yangu

Mjomba, salamu nyingi kutoka Donholm.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, na nafanya kazi ya keshia katika sacco moja mjini. Wanaonijua huniita Mama Motisha. Kwa muda mrefu jina hilo nililipokea kama sifa, kwa sababu mtu akianza kunieleza shida yake, kabla hajamaliza mimi nishakumbuka kitabu, au muvi, au video ya mtu fulani anayesema maneno mazuri. Asubuhi nikiwa kwenye matatu ya Jogoo Road, foleni imekaza pale City Stadium, vidole vyangu vinatuma. Kundi la majirani wa korti, la chama, la akina mama wa kanisani, la tuliosoma pamoja, wote nawapa fungu lao la siku.

Nina rafiki ambaye hapa nitamwita Mama Neema. Tuligawana kitanda cha deka tangu kidato cha kwanza, yeye juu mimi chini. Mwezi wa Mei, Neema, bintiye wa miaka kumi, alituacha baada ya kuugua mwaka mzima na ushei. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa mchango. Tulimzika kwao Machakos, nikarudi Nairobi, nikarudi kazini.

Wiki saba baadaye, Jumamosi usiku, nikamtumia Supa Modo. Mjomba, filamu hiyo niliitazama miaka kadhaa iliyopita, nikalia, nikacheka, nikalala nikiwa mwepesi. Kilichonibaki kichwani ni kijiji kizima kikijumuika kumfurahisha mtoto mmoja. Nikamwandikia: "Tazama hii leo, itakuinua moyo." Sikueleza zaidi.

Saa nane usiku alinijibu maneno matatu: "Ulitaka nione nini?"

Tangu hapo hashiki simu yangu. Nimempigia sijui mara ngapi. Nilimtumia sauti ya dakika sita kumweleza kwamba nia yangu ilikuwa njema. Alama zikageuka buluu, basi.

Kama hilo halikutosha, kuna mdogo wangu wa kiume. Aliachishwa kazi kiwandani mwezi wa Februari, na tangu wakati huo kila alfajiri namtumia video za kumtia ari: amka saa kumi, panga siku yako, waliofaulu hawalali. Wiki jana alinijibu ndani ya kundi la familia, mbele ya baba na shangazi zetu wote: "Sista, hizo bando unazochoma si ungenitumia nauli ya kwenda Industrial Area." Watu wakatuma vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka.

Na sasa akina mama wa kanisani wamenipa kazi ya kuandaa orodha ya vitabu, filamu na video za kututia moyo, tuigawane tutakapokutana Desemba. Zamani ningeimaliza kabla chai haijapoa. Siku hizi naandika jina moja nalifuta.

Niache kabisa kupendekezea watu vitu? Mama Neema nimwendee vipi? Na kwenye hiyo orodha niweke nini?

Niliyetuma kwa Moyo Safi, Donholm

*

Mpwa wangu,

Nianze na jambo ambalo hukuliandika. Ulikuwa mweka hazina wa mchango, kwa hiyo unajua kundi la matanga la WhatsApp hufa vipi. Siku ya mazishi lina watu mia mbili na kila mmoja ana "pole sana" yake. Hesabu ikishasomwa, wanaanza kutoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Hakuna mwenye nia mbaya, kazi imekwisha tu, lakini mfiwa huisoma mistari hiyo yote. Ikifika wiki ya saba nyumba imenyamaza kabisa: bado anapakua chakula cha watu wanne kwa mazoea, anarudisha kimoja sufuriani. Katika kimya hicho mtu ambaye pengine alikuwa akimsubiri abishe hodi alituma linki.

Hapo ndipo palipomkwaruza, naona mimi. Filamu ilikuja juu ya mkwaruzo huo.

Nayo filamu haina kosa. Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ilitoka mwaka 2018, ikaonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka huohuo, kisha Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Jo ni msichana mdogo mwenye ugonjwa usio na tiba. Mamake anamtoa hospitalini ili siku zilizosalia azimalizie nyumbani kijijini. Dadake anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu kama wale mashujaa wa muvi anazozipenda, na kijiji kinaungana naye hadi kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Wewe uliitazama ukiwa upande wa kijiji. Mama Neema aliitazama akiwa upande wa mama. Mliona filamu moja, na kila mmoja aliona kilichomo.

Kumbukumbu hutucheza hivyo. Miaka ikipita tunabaki na ule wepesi wa mwishoni, njia iliyotufikisha pale tunaisahau. Siku hizi mimi simpi mtu kitu nilichokisoma zamani bila kukifungua tena, hata kama ni kurasa ishirini tu, nijue humo ndani mnafiwa nani.

Sasa, kumwendea. Usitume sauti nyingine. Ile ya dakika sita ilikuwa ya kukutetea wewe, na mtu mwenye msiba hana nafasi ya kusikiliza kesi ya mwenzake. Nenda nyumbani kwake mchana wa wikendi, beba unga, mboga, maziwa, vitu ambavyo havihitaji kujadiliwa. Mwambie: "Nilikosea. Sikufikiria ina nini ndani, na sikukuambia." Ishia hapo. Ile "nilitaka tu" inayokuja kwenye ulimi, imeze. Akikufungia mlango, acha mfuko kwa jirani, urudi wiki nyingine. Akikufungulia, kaa. Mtaje mtoto kwa jina lake halisi, maana baada ya mazishi watu huanza kuliogopa jina hilo, na mama hubaki nalo peke yake. Kama kuna nguo za kufua, fua.

Na usimpelekee filamu ya kufidia ile ya kwanza. Nakujua, ushaanza kuwaza ipi.

Nikupe kisa kimoja cha kazini. Kabla ya kuandika safu hii niliuza vitabu kuukuu, vile vya inama, kwenye veranda za Barabara ya Tom Mboya kwa miaka mingi. Alikuja bwana mmoja jioni, suti safi, tai imelegea, akaniambia anataka kitabu cha kumtia moyo. Mimi kwa haraka ya mfanyabiashara nikamchomolea kinene cha Kimarekani, kile cha aina ya jinsi-ya-kushinda-maisha, nikampiga bei nzuri. Wiki haijaisha alirudi nacho kimefungwa gazetini. Hakutaka pesa. Alitaka nikibadilishe na hadithi ya upelelezi, yoyote, hata iliyochanika jalada. Mkewe alikuwa amelazwa, naye alikesha kwenye benchi la wadi kila usiku. Akaniambia: "Hiki kinajua matatizo yangu sana. Nipe kisichoyajua."

Tangu siku hiyo sikumtolea mtu kitabu kabla ya kumuuliza maswali mawili: cha mwisho ulichokimaliza ni kipi, na utakisomea wapi? Swali la kwanza linakuonyesha mtu anapenda nini, tofauti na anachosema anapenda. La pili linakuonyesha maisha yake yakoje sasa hivi. Anayesomea kwenye matatu amesimama hawezi kurasa mia tano. Anayesomea kwenye benchi la wadi anataka muuaji atafutwe hadi kupambazuke.

Wewe, mpwa wangu, hukuuliza swali hata moja. Ulituma makundi manne kitu kilekile. Hata WhatsApp yenyewe ilichoka na tabia hiyo: tangu Aprili 2020, ujumbe uliozunguka sana, ule wenye mishale miwili, huwezi kuupeleka zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Walifanya hivyo kupunguza uvumi wakati wa corona, lakini mimi huitumia mishale ile kama kipimo changu. Ikija nayo, najua aliyenitumia hakuwa akiniwaza mimi.

Twende kwa mdogo wako. Alikuaibisha mbele ya wazee, na katika hilo hakufanya vizuri, angekuambia faraghani. Lakini alichosema ni kweli tupu. Kijana asiye na kazi unamwambia aamke saa kumi? Saa kumi anakuwa ameshaamka, anahesabu mabati. Video ile inamwambia kwamba shida ni uvivu wake, wakati shida ni kwamba kiwanda kimepunguza watu. Nauli kwanza. Kisha mketi pamoja mtazame barua yake ya maombi ya kazi. Wewe ni mtu wa ofisi, unajua mambo ambayo yeye hayajui.

Baada ya hapo, kama anataka video, kuna aina mbili ambazo ningezipitisha. Ya kwanza ni ile inayoonyesha kazi. Unamjua Julius Yego, yule mrusha mkuki wetu kutoka Nandi. Hakuwa na kocha wa mkuki, akaenda saiba, duka la intaneti, akafungua YouTube, akawatazama Jan Železný wa Cheki na Andreas Thorkildsen wa Norway. Mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, mwaka uliofuata akachukua fedha ya Olimpiki mjini Rio. Wahamasishaji humtaja kila siku, na nadhani wanamsoma vibaya. Yego hakukaa akisikiliza hotuba kuhusu ndoto. Alitazama mguu unakanyaga wapi, mkono unaachia lini, kisha akatoka nje kujaribu. Muulize mdogo wako kuna kazi gani ya mikono aliyowahi kuitamani: uchomeleaji, ukarabati wa simu, umeme wa nyumba. Fundi anayeonyesha namna ya kushika chombo, hata asipomtia moyo hata kidogo, atamfaa zaidi ya huyo asiyelala. Na mnunulie bando ya kumtazama, maana video ya nusu saa si bure.

Ya pili ni kichekesho. Mtafutie vipande vya kipindi cha Vitimbi, umkumbushe Mzee Ojwang' na Mama Kayai mlivyokuwa mkigombania kiti mbele ya televisheni mkiwa wadogo. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang', alifariki mwaka 2015, na bado anawachekesha watu waliofukuzwa kazi. Kicheko hakimdai mtu abadilike kabla ya jioni.

Jambo moja silifanyii mzaha. Yeye au Mama Neema akianza kusema maneno ya kuichoka dunia, weka kando mambo ya vitabu na filamu, nenda alipo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya 1199, haina malipo, na upande wa pili kuna watu waliofunzwa kusikiliza.

Sasa orodha ya Desemba. Nilidhani nikuandikie majina ishirini, nikaona nitakuwa narudia kosa lako. Chukua machache, na kila jina liandikie mambo mawili: linamfaa nani, na humo ndani kuna nini cha kuumiza. Hilo la pili ndilo watu huliacha kwa kuogopa kuharibu utamu. Haribu. Mtu mzima akijua mbele kuna shimo, ataamua mwenyewe kama anaruka au anazunguka.

Kwa mfano The First Grader ya mwaka 2010, kisa cha Kimani Maruge aliyejiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kuifanya shule ya msingi kuwa ya bure. Kila mtu anamkumbuka yule mzee mwenye kaptura na soksi ndefu. Wachache wanakumbuka kwamba filamu hiyo inarudi mara kwa mara kwenye mateso ya wakati wa Mau Mau, na kwamba tunamwona akipoteza familia yake. Inamfaa mama anayejiona amechelewa kurudi shule. Nyanya aliyeyapitia mambo ya hali ya hatari akiwa mtoto, muulize kwanza.

The Boy Who Harnessed the Wind, kitabu na filamu, inamhusu William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, akajisomea maktabani, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na chuma chakavu. Inafaa vijana wenye mikono isiyotulia. Njaa yenyewe imeonyeshwa bila kufichwa, na mbwa anakufa. Unacheka? Nina mjukuu ambaye hajamsamehe aliyemwonyesha.

Kama mnataka ya kutazama pamoja na watoto, Queen of Katwe ya mwaka 2016 ndiyo ningeitanguliza: Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Kampala anayejifunza sataranji, na Lupita Nyong'o akiwa mamake. Kuna mafuriko na kuna ajali ya kaka, lakini watoto hutoka humo wakiulizana sheria za mchezo. Lipieni tu mahali panapostahili. Yule kijana wa flashi wa pale steji ni rafiki yangu pia, ila akikuuzia muvi kwa bei ya maandazi mawili, aliyeitengeneza hapati hata chembe.

Vitabu ni vigumu zaidi kwa sababu vinadai muda. Kwa akina mama wa rika lako ningeweka Unbowed, maisha ya Wangari Maathai kwa kalamu yake mwenyewe, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mnapita Uhuru Park bila kuwaza; mwaka 1989 palitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60, naye akapinga huku akidhihakiwa bungeni. Kinachonivutia mimi si ushindi ule, ni kurasa za talaka yake na za siku alizokuwa bila kazi na bila pesa, kwa sababu hazipambi. Hizohizo ndizo zinazoweza kumchoma mwenzenu aliye na kesi ya ndoa, basi ziandike.

Halafu Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996. Najua, wengi wenu mliisoma shuleni na kuichukia. Irudieni sasa ambapo hakuna wa kuwauliza mtaje sifa sita za Kongowea Mswahili, mhusika mkuu. Kijana anafiwa na mama, anamtafuta baba hadi Kitale. Ukiisoma ukiwa mzazi inakuwa kitabu kingine. Nakala za inama zipo tele, zina majibu ya penseli pembeni, raha tupu. Na kwa nini mnunue vyote? Maktaba ya Makadara iko karibu nanyi, na mjini kuna McMillan ya Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931. Nendeni kikundi, kila mama atoke na kimoja alichokichagua kwa mkono wake.

Kuhusu swali lako la kwanza: usiache. Punguza. Mtu mmoja, kitu kimoja, na sababu uliyoiandika wewe mwenyewe: "Nimekukumbuka wewe kwa sababu hii." Usipoweza kuimaliza sentensi hiyo, usitume. Ukiweza, mwambie pia kwamba asipokitazama hutamuuliza. Hapo umemwachia uhuru, maana hakuna kinachochosha kama rafiki anayekufuatafuata, "Ushatazama? Ushafika wapi?"

Bado nina neno moja kuhusu Mama Neema, na ni la baadaye sana, labda mwakani. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, aliandika shairi la kumlilia linaloitwa Amina. Halimfariji mtu yeyote. Halisemi kila jambo lina sababu. Ni mume anayemwita mkewe. Nimewahi kulisoma nikiwa na msiba wangu, na lilinifaa kwa sababu halikuniharakisha. Ikiwa siku moja atakuuliza mwenyewe kama kuna kitu cha kusoma, lipo. Asipouliza, liache lilale kitabuni.

Orodha ya Desemba ichapishe kwenye karatasi, uigawe kwa mkono baada ya ibada. Mama akiipokea, utamwona usoni, na utajua kama unapaswa kumwambia jambo kabla hajaikunja na kuitia mkobani.

Mjomba